Maneno ya Mara Ngapi

Kiswahili kina silabi moja ndogo inayobeba mzigo mkubwa. Silabi hiyo ni "hu". Mtu akisema kwamba mvuvi wa Ujiji huvua dagaa usiku, kila msikilizaji hutosheka. Haulizi mvuvi huyo hutoka mara ngapi kwa mwezi, wala hadai kuambiwa kama alitoka jana. "Hu" haina nafsi, haina wakati, wala haina hesabu. Hufaa kwa mimi, kwa wewe na kwa yeye. Hufaa kwa jambo la kila siku, na hufaa vile vile kwa jambo la mara moja kwa mwaka. Jua huchwa, masika hurudi, watu hufa. Watu waliojaliwa silabi kama hiyo wamepewa raha kubwa ya kusema. Raha hiyo hugeuka taabu siku ambayo mmoja wao anaketi kuandika Kiingereza, maana Kiingereza hakina "hu".

Badala yake Kiingereza kina kitenzi kitupu cha wakati uliopo, na pembeni yake kundi la maneno madogo ambayo kazi yake ni kusema mara ngapi: "always", "usually", "often", "sometimes", "seldom", "never". Wanasarufi huyaita vielezi. Mwandishi wa Kiingereza aghalabu hulazimika kuchagua moja kati ya hayo kabla hajamaliza sentensi yake, na akilichagua amekwisha toa ushahidi. Si kwamba Kiswahili hakina maneno ya namna hiyo. Kinayo tele: daima, siku zote, aghalabu, mara nyingi, mara kwa mara, mara chache, kwa nadra, kamwe, katu. Lakini msemaji wa Kiswahili huyatumia apendapo. Asipoyatumia, "hu" humstahi. Kiingereza hakimstahi mtu.

Wanafunzi wengi wa Afrika ya Mashariki wamejitafutia dawa mbili za ugonjwa huu, na dawa zote mbili zina sumu. Ya kwanza ni kuweka "always" kila mahali ambapo Kiswahili kingeweka "hu". Ya pili ni kuandika "use to": baba yangu "use to" kuvua samaki, kwa maana ya kuwa huvua. Mwingereza asomapo maneno hayo huelewa kuwa mzee alikuwa akivua zamani na sasa ameacha. Hivyo baba aliye hai, ambaye asubuhi hiyo hiyo ameteremka chomboni na miguu yake imelowa, huwekwa na mwanawe miongoni mwa waliostaafu.

Katika miaka ya tisini, ada ilipokuwa bado ikidaiwa katika shule za sekondari, alikuwako Ujiji kijana mmoja, mtoto wa mvuvi. Nyumbani alisema Kiha, sokoni na mtaani alisema Kiswahili, na Kiingereza alikutana nacho darasani na katika karatasi tu. Baba yake alikuwa na fungu katika chombo kimoja cha dagaa, na mapato ya chombo hicho yaliufuata mwezi wa mbinguni. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa. Zamani wavuvi waliwasha moto wa kuni katika mitumbwi yao, wakawachota samaki kwa wavu wenye mpini uitwao lusenga. Baadaye zikaja karabai, na nyavu kubwa zinazoshushwa chini ya maji kisha zikainuliwa. Walakini taa haina nguvu mbele ya mwezi mpevu. Mbalamwezi ikitanda juu ya maji, samaki hawakusanyiki penye taa, na wavuvi hukaa pwani wakashona nyavu na kuziba nyufa za vyombo. Giza likirudi, pwani yote huamka. Mtu asimamaye usiku wa giza juu ya vilima vya Kigoma, akautazama upande wa magharibi, huona taa zimepangana juu ya ziwa kama mji mwingine uliojengwa jioni ile, nao hubomolewa alfajiri.

Kijana huyo hakuwa baharia wa chombo kile. Baharia mmoja alipougua, au alipokwenda zake msibani, baba alimwamsha mwanawe. Basi alikesha ziwani, akarudi jua linachomoza, akamsaidia mama yake kuwaanika dagaa mchangani, kisha akalala kama gogo mpaka adhuhuri. Shule ilikuwa imekwisha piga kengele zamani. Ada nayo ilikuwa haijalipwa. Hapo ikasikika habari kuwa kamati moja ilikuwa ikiwasaidia wanafunzi ada, kwa sharti kwamba kila mwombaji aandike barua kwa Kiingereza, aeleze hali ya nyumbani kwao na mahudhurio yake shuleni. Kijana akaandika. Barua yake ya kwanza ilikuwa na sentensi hizi: "I always miss school because I always go to the lake with my father. My father use to catch fish. I don't never miss school when there is moon."

Aliipeleka kwa mwalimu wake wa Kiingereza aitazame. Mwalimu akaisoma mara mbili, akaiweka mezani.

"Mwanangu," akasema, "kwa barua hii umejifukuza shule mwenyewe."

"Mwalimu, nimeandika kweli tupu. Mimi huenda ziwani."

"Huenda, naam. Lakini hapa hukuandika huenda. Hapa umeandika siku zote, bila ya kukosa hata moja. Msomaji wa barua hii atauliza: kama mtoto huyu hakosi kukosa shule, ada ya nini?"

Kijana hakuwa amesema uongo. Alikuwa amefasiri. Tena alifasiri kutoka katika silabi ambayo hata ndani ya Kiswahili ina mambo yake, kwa kuwa "huenda" hiyo hiyo, isemwapo mwanzoni mwa sentensi, huacha kabisa kutaja mwendo ikawa na maana ya labda: huenda mvua ikanyesha. Neno "pengine" nalo lina tabia hiyo; mara ni wakati mwingine, mara ni yamkini. Wenye lugha hawatatiziki. Mfasiri hutatizika.

Sentensi ya tatu ilikuwa na kosa la namna nyingine, na kosa hilo pia lina asili ya heshima. Katika Kiswahili "kamwe" haiwezi kukanusha peke yake. Hutaka kitenzi kilichokwisha kanushwa. Sikosi kamwe, husema Mswahili, na kanusho mbili hizo hushikana mikono. "Never" ya Kiingereza hubeba kanusho lake yenyewe, wala haitaki msaidizi. Ikipewa msaidizi, Kiingereza cha kuandika hukiona kitendo hicho kuwa ujinga, ingawa katika vijiji vya Uingereza kwenyewe wako watu wengi waliosema hivyo tangu zamani na wangali wakisema.

Mwalimu alipomwambia abadilishe, kijana alirudi siku ya pili na barua mpya. Mahali pa "always" alikuwa ameweka "seldom". Sasa alikuwa mtu ambaye kwa nadra sana hukosa shule. Hili lilikuwa kosa kubwa kuliko la kwanza, na halikuwa kosa la sarufi. Mtoto aliyajua maneno yale kama mtu ajuavyo manukato dukani: hili lina harufu nzuri, lile halina. Alikwisha tambua kwamba neno moja litamnyima ada na jingine litampatia, akachagua la kumpatia. Ni nani angemlaumu? Walakini mwalimu hakuipokea. Alimtuma alete daftari la mahudhurio, wakaketi chini ya mwembe wakahesabu.

Muhula ulikuwa na siku 64 za masomo. Kijana alikosa siku 14. Mwalimu akamwambia azigawe siku hizo 64 katika mafungu mawili, siku za giza na siku za mwezi, na kazi hiyo haikumshinda mtoto wa mvuvi hata kidogo. Mwalimu ndiye aliyehitaji kuelezwa mwezi ulikuwa wapi wiki fulani. Siku za giza zilikuwa 25, na katika hizo alikosa 13. Siku za mwezi zilikuwa 39, na katika hizo alikosa moja.

Viko vitabu vya sarufi ambavyo huyapanga maneno haya kama ngazi. Juu kabisa hukaa "always" na mia yake kwa mia, chini kabisa "never" na sifuri yake, na katikati kila neno hupewa daraja lake la sabini, au hamsini, au ishirini. Ngazi hiyo humfaa mwanafunzi siku za mwanzo, lakini hakuna Mwingereza aliyeipanda. Maneno haya hupimwa kwa lile linalotarajiwa. Mtu akisema kuwa mvua hunyesha Kigoma "often" katika mwezi wa Aprili, anataja siku nyingi. Akisema kuwa chombo fulani huzama "often", mara tatu kwa mwaka zatosha, tena zimezidi. Kukosa shule siku 14 katika 64 si nusu, wala si robo. Lakini mwanafunzi anatarajiwa asikose hata moja. Basi ni "often" au ni "sometimes"? Mwalimu mwenyewe alisita. Hapo ndipo alipomsimulia kijana habari za Lukuga.

Ziwa lile, alisema, liliwahi kuwasumbua wasafiri wa Kiingereza kwa neno la jinsi hii hii. Mwaka 1858 Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji. Walikuwa na swali jepesi kutamkwa: maji ya ziwa hutokea wapi? Tumaini lao lilikuwa katika mto Rusizi, ulioko ncha ya kaskazini; kama mto huo ungekuwa ukitoka ziwani, yamkini ungekuwa njia ya Nili. Walipanda mitumbwi wakaenda hadi Uvira, na huko wenyeji wakawaambia kuwa Rusizi huingia ziwani, hautoki. Wao wenyewe hawakufika mlangoni pake. Mwezi wa Novemba 1871, baada ya kukutana kwao Ujiji, David Livingstone na Henry Morton Stanley walikwenda pamoja mpaka pale wakauona mto ukiingia. Wenyeji walikuwa wamesema kweli, na "hu" yao ingeweza kufasiriwa "always" bila ya kumdhulumu mtu.

Lukuga ilikuwa shauri jingine. Mto huo uko upande wa magharibi wa ziwa, karibu na mji ambao leo ni Kalemie, katika Kongo. Verney Lovett Cameron aliufikia mwezi wa Mei 1874, masika yakiwa yamekwisha punde na ziwa limejaa. Aliona maji yakienda nje polepole kati ya majani yaliyozagaa, akatangaza kuwa mlango wa ziwa ndio huo. Stanley alirudi ziwani akafika pale pale katika kiangazi cha mwaka 1876. Akapima, akakuta maji hayana mwendo wa kwenda mbali, na njia imezibwa kwa matope na matete. Akasema kuwa huo si mlango bado, ila utakuwa mlango siku ziwa litakapozidi kupanda. Uingereza wakabaki na mashahidi wawili, kila mmoja ana macho yake na vipimo vyake.

Wote wawili waliona sawasawa. Ziwa liliendelea kupanda, na karibu na mwaka 1878 likakivunja kile kizuizi. Edward Coode Hore, baharia wa chama cha wamisionari cha London aliyekaa Ujiji, alikwenda kutazama mwaka 1879, akaukuta mto ukienda kwa nguvu kuelekea Kongo. Kabla ya karne kwisha ziwa lilikuwa limeshuka takriban mita 10, na pwani ya Ujiji ikasogea mbali. Mahali pa ukumbusho wa Livingstone, ambapo mwaka 1871 palikuwa karibu na maji, leo mgeni hupatembelea kwa miguu mikavu kisha akauliza ziwa liko wapi. Hata hivyo ziwa halikuapa kubaki lilipo. Katika miaka ya 2020 lilipanda tena likaingia katika nyumba za watu huko Uvira na Bujumbura, na Kigoma nako fukwe zikafunikwa.

Basi Lukuga hutoka ziwani? Kwa Kiswahili jibu ni moja: hutoka. Jibu hilo lilikuwa kweli mwaka 1874, na likawa kweli zaidi mwaka 1879. Mwaka 1876 lilikuwa na shida kidogo, ila mzee wa pale asingeona haja ya kulirekebisha. Kwa Kiingereza ilipasa kuandikwa "sometimes", na neno hilo dogo lilichukua miaka mitano na safari tatu kupatikana, kwa sababu kila msafiri alifika siku zake chache akaondoka. Aonaye mara moja hana kielezi. Ana tarehe tu.

Kijana alisikiliza, kisha akauliza kilichokuwa kikimkera. Kwani yeye ni Lukuga? Mwalimu akacheka, akasema ndiyo: unatoka na hutoki, na kamati itataka kujua ni lini.

Barua ya tatu iliandikwa hapo mwembeni. Taabu iliyobakia ilikuwa ya mahali pa kuyaweka maneno. Kiswahili ni karimu katika jambo hili. Mara nyingi huenda sokoni, huenda mara nyingi sokoni, huenda sokoni mara nyingi, zote huenda na mtu hafiki popote pasipo sokoni. Kiingereza hukipa kielezi hiki kiti chake: mbele ya kitenzi kikuu, lakini nyuma ya kitenzi cha kuwa. "I often go", bali "I am often absent". Kitenzi kikiwa na msaidizi, kielezi hukaa katikati yao, "I have never failed". "Sometimes" na "usually" huruhusiwa kutangulia sentensi nzima. "Always" hairuhusiwi, isipokuwa katika amri. "Never" na "seldom" zikitangulia huipindua sentensi yote, msaidizi akamruka mtenda, na mwandishi akasikika kama mhubiri. Mwalimu alimshauri kijana ayaache hayo kwa wahubiri. Na maneno yenye hesabu kamili, kama mara mbili kwa wiki au kila siku, hayakai katikati hata kidogo, huenda mwisho au mwanzo. Wengi huandika "everyday" kwa neno moja wakidhani wamesema kila siku, kumbe wamesema jambo la kawaida tu, kama nguo za kushindia.

Kijana aliandika kuwa baba yake huvua usiku, na safari hii akaandika "catches", mzee akarudi kazini. Akaandika kuwa katika wiki za giza yeye ni "often absent", kwa sababu "sometimes" hushika nafasi ya baharia aliye mgonjwa. Kisha akaandika kuwa mwezi ukiwapo yeye ni "never absent". Mwalimu akaweka kidole juu ya neno hilo.

"Na ile siku moja?"

"Nilikuwa na homa, mwalimu."

"Homa haifuti siku."

Walibishana hapo kuliko walivyobishana juu ya yote mengine. Kijana aliona kuwa "never" imesimama vizuri sana, imeipa sentensi kifua. Na siku moja katika 39 ni nini? Mwalimu hakukana kwamba ni kidogo. Alisema tu kuwa "never" haina mlango wa kidogo. Lipo neno "hardly ever", ambalo lingefaa, lakini idadi ikijulikana, idadi hushinda kielezi chochote. Mwishowe sentensi ikawa: "When there was a moon I was absent only once, with fever." Kijana aliisoma kwa sauti na uso wa mtu aliyepunjwa.

Barua ikapelekwa posta Kigoma. Wiki nne zikapita, mwezi ukapevuka ukafa, na katika wiki za giza kijana alikosa shule siku tatu. Jibu lilipofika lilikuwa na mistari michache. Kamati ilikubali kulipa ada ya muhula mmoja, na ikataka kupelekewa hesabu ya mahudhurio kabla ya muhula wa pili, ya siku za giza mbali na ya siku za mwezi mbali. Chini kabisa palikuwa na sentensi nyingine: "The Committee does not usually answer a second letter."

Kijana aliipeleka karatasi hiyo kwa mwalimu akamwonyesha neno la tatu kutoka "Committee". Aliuliza kama maana yake ni kuwa asiandike tena.

Mwalimu akalitazama neno.

"Hapana," akasema. "Wangetaka hivyo wangeandika 'never'. Hii maana yake ni kuwa wamewahi kujibu."

Kijana akaikunja barua, akaitia mfukoni, akateremka pwani kumwuliza baba yake nani mgonjwa.